"Jackass copal" kwenye nyaraka za zamani: kweli ni sandarusi ya punda?

Mpanga_Nyaraka (Lindi)

Habari za kazi, wakuu. Naomba msaada kwa wanaokijua Kiingereza cha zamani cha biashara na wanaozijua bidhaa za pwani yetu.

Natafsiri orodha za Kiingereza za karne ya 19 zinazotaja mizigo iliyotoka pwani ya kusini, kuanzia Kilwa, Lindi na Mikindani hadi Ruvuma, kwenda Unguja. Pembe za ndovu, ufuta, mtama na nta hazina shida. Shida ni utomvu. Mahali pameandikwa "copal", pengine "gum animi", pengine "jackass copal", zote kwa frasila, kile kipimo cha zamani cha uzito. Rasimu niliyoikuta imeweka "kopali", "gundi ya animi" na "sandarusi ya punda dume". Kamusi za kawaida nazo zinasema "jackass" ni punda dume au mtu mpumbavu, basi.

Hivi ni vitu vitatu au ni kimoja? Punda anaingiaje hapo? Na kwenye kibao cha maonyesho niandike nini ili msomaji wa Lindi aelewe? Kuna pia vipande viwili vya utomvu mgumu vitakavyokaa kwenye kabati moja na tafsiri hiyo. Kimoja uso wake ni laini, kingine kina vipele vipele. Anayejua namna ya kuvitambua bila kuviharibu anisaidie.

Mwanapwani_Mikindani

Dada, punda mfute. Neno hilo ni la Kiswahili lililovaa nguo za Kiingereza. Ni *chakazi*, sandarusi changa, yaani utomvu wa mti wa msandarusi ambao haujakomaa ardhini. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856, aliandika mwaka 1860 kwamba wafanyabiashara wa Unguja ndio walioigeuza chakazi kuwa "jackass". Kwa hiyo chanzo chake kinajulikana, hatukisii.

Ukitamka polepole utaona lilivyogeuka. "Cha" sikioni mwa mgeni iko karibu na "ja". Irabu ya mwisho ikadondoka, maana Kiingereza hupenda kumalizia neno kwa konsonanti, na "z" iliyobaki mwishoni ikalegea kuwa "s". Hapo tayari una "jakas", na Mwingereza anayo "jackass" yake ya siku zote. Kilichoisaidia ibaki ni kwamba chakazi ilikuwa daraja la chini sokoni, basi jina la dharau likaonekana linafaa. Ndivyo walivyofanya pia kwa "asparagus", ile mboga, watu wa kawaida wakaiita "sparrowgrass", yaani majani ya shomoro, kwa miaka mingi. Sisi tumefanya vivyo hivyo kwa "mudguard": ikawa madigadi, kisha tukaikata "ma" tukapata digadi moja.

Tahadhari moja: usiiunganishe chakazi na "chakaa" au "chakavu" kwa sababu tu zinafanana kwa sauti. Chakazi ni utomvu mchanga, na kilichochakaa ni kikuukuu. Maana zinakwenda kinyume.

Sasa hayo majina mengine mawili. "Copal" limetoka Mexico. Kwa lugha ya Kinahuatl *copalli* ni utomvu wa kufukizia. Wahispania wakalichukua, kisha Wazungu wakalibandika kila utomvu mgumu wa vanishi, wa Afrika Magharibi, wa kwetu na wa kwingineko. Kwa hiyo "copal" peke yake haikuambii umetoka wapi.

"Animi", ambalo huandikwa pia "anime", lilipitia Kifaransa. Mwanzoni lilikuwa jina la utomvu wa mti wa Amerika, ambao wataalamu wanauita Hymenaea courbaril. Soko la London likalihamishia kwenye sandarusi ya Unguja. Wapo wanaoeleza kwamba ni kwa sababu ya wadudu walionaswa ndani, kana kwamba utomvu una uhai. Ni maelezo yanayopendeza, lakini usiyaweke kwenye kibao kama jambo lililothibitishwa.

Angalia basi karatasi yako iliandikiwa wapi. Ikiwa ni ya London, "animi" ndiyo sandarusi yetu nzuri, na "copal" inaweza kuwa ya Sierra Leone au ya Angola. Ikiwa ni ya Unguja, au ya Wamarekani wa Salem waliofanya biashara Unguja na kupata mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, "copal" ndiyo yetu. Hao ndio waliotuletea kitambaa tulichokiita merikani, wakaondoka na sandarusi. Na ukikuta "Bombay copal" usidhani imechimbwa India. Ilipitia bandari ile tu, na waliopokea Ulaya wakaipa jina la bandari ya mwisho.

Mtego mwingine uko kwenye neno letu lenyewe. Sandarusi ni neno la Kiarabu, na Kiingereza nacho kina "sandarac" kutoka shina hilo hilo la kale. Ila "sandarac" ya Kiingereza ni utomvu wa mti wa Morocco, mdogo na laini kuliko wetu, unaoyeyuka kwenye spiriti. Ukitafsiri "sandarusi" kwenda Kiingereza, usiandike "sandarac".

Fundi_Chikongola (Mtwara)

Mwanapwani amemaliza upande wa neno. Mimi niseme kwa nini mnunuzi alihitaji majina mawili, la chakazi na la iliyokomaa, maana bila hilo msomaji wa kibao ataona ni kelele za wafanyabiashara tu.

Sandarusi iliyokomaa haiyeyuki kwenye mafuta ukiitia hivi hivi. Lazima kwanza uiyeyushe kavu kwenye chungu cha shaba, joto lipite nyuzi 300 za Selsiasi. Inatoa moshi mkali na kupoteza kati ya sehemu moja ya tano na robo ya uzito wake. Uzito huo usipopotea, utomvu haukubali mafuta. Ikishakuwa majimaji, unamimina mafuta ya mbegu za kitani yaliyopashwa moto, kidogo kidogo huku ukikoroga. Mafuta yakiwa ya baridi utomvu unajitenga na kurudi kuwa mabonge. Unaendelea kuchemsha mpaka tone ukiliweka kwenye kioo libaki angavu hata likipoa, na ukiligusa livute uzi. Halafu unaepua, unaacha joto lipungue, ndipo unatia tapentaini ya kulainisha. Ukiitia chungu kikiwa bado kikali, mvuke unashika moto. Nimeeleza ili ieleweke tu, mtu asijaribu hii jikoni.

Sasa changanya chakazi na iliyokomaa kwenye chungu kimoja uone. Chakazi inayeyuka mapema, na wakati vipande vya iliyokomaa bado ni vigumu, yenyewe imeshaanza kuungua na kuwa nyeusi. Ukingoja vyote viyeyuke, vanishi inatoka rangi ya kahawa. Ukiepua mapema, unabaki na chenga ngumu ndani yake. Ndiyo maana walipanga daraja kwa daraja kabla ya kuuza, na ndiyo maana mzigo wa "jackass" uliandikwa mstari wake peke yake.

Hata ikipikwa peke yake, utando wa chakazi ni laini. Unashika alama za kucha, na kwenye joto unanata. Ule wa iliyokomaa unakauka mgumu, unakubali kusuguliwa kwa unga laini wa jiwe mpaka unang'aa kama kioo. Watengenezaji wa magari ya farasi Ulaya na Marekani walilipa bei kwa ajili ya ugumu huo. Chakazi ilipelekwa zaidi India na China kwa vanishi ya kawaida.

Mwl_Mimea_Rondo

Nakubaliana na wote wawili, ila neno "chakazi" lina mpaka unaohama, na dada atakutana nao kwenye nyaraka.

Waandishi wa zamani wametaja pia "sandarusi ya miti", waliyoiandika kwa tahajia za ajabu kama "sandarusiza miti". Hiyo inagandia kwenye gome palipo na jeraha. Baadhi yao huiweka pamoja na chakazi na kuita zote mbichi. Wengine huitenga: ya mtini ni ya mtini, na chakazi ni ile iliyokwisha kudondoka ikafukiwa juu juu karibu na mizizi. Kwa hiyo usiandike kwamba chakazi ni utomvu uliochumwa mtini, nukta. Andika "ya mtini au ya juu juu ya ardhi", utakuwa salama kwa matumizi yote mawili. Karatasi za Kifaransa husema "copal vert", yaani ya kijani, na hapo kijani maana yake ni changa, haihusu rangi.

Mti wenyewe ni mmoja. Vitabu vya zamani viliuita Trachylobium verrucosum, siku hizi ni Hymenaea verrucosa. Tunauita msandarusi, na wengine mtandarusi. Utautambua kwa jani lenye vipande viwili vilivyopinda kuelekeana, na kwa tunda gumu lililojaa chunjua za utomvu. Hilo "verrucosa" ni Kilatini cha "yenye chunjua". Unakua kwenye misitu ya pwani kuanzia Kenya, unapita kwetu hadi Msumbiji. Burton aliuweka mpaka wa kusini wa machimbo Rasi Delgado, hapo chini kidogo ya mdomo wa Ruvuma. Kwa maana hiyo Lindi na Mikindani zimo ndani kabisa.

Kwa muda watu walidhani iliyokomaa ilitoka kwenye mti uliokwisha kutoweka, kwa sababu ilichimbwa sehemu ambazo leo hazina hata msandarusi mmoja. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa kwenye ubalozi wa Uingereza Unguja tangu 1866, aliangalia majani, maua na machipukizi yaliyonaswa ndani ya vipande vya ardhini, akaona ni ya msandarusi huu huu ulio hai. Kinachotenganisha chakazi na iliyokomaa ni muda wa kukaa ardhini.

Wachimbaji hawakwenda chini sana. Walitoboa shimo jembamba kwa mti uliochongoka, upana wa inchi 6 hivi, wakachota udongo kwa mkono hadi mkono ulipofika. Kina kilikuwa futi 3, mara chache 4. Vipande vingi ni vidogo kama kokoto, ingawa mabonge ya ratili 4 au 5 yalipatikana mara moja moja.

Sasa vile vipele, dada. Kiingereza cha biashara kiliviita "goose-skin", yaani ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa manyoya. Ukikitazama kipande kwa lenzi utaona vinundu vidogo vilivyobanana uso mzima, karibu saizi moja, kama vilipigwa kwa muhuri. Zamani walisema ni alama za mchanga uliougandamiza utomvu ulipokuwa laini. Sivyo. Kipande kikitoka ardhini hakionyeshi vinundu hivyo. Hutokea baadaye, kwa sababu tabaka la juu limebadilika kwa hewa kwa muda mrefu. Ganda la nje lilioshwa kwa maji makali ya magadi au potashi na kupigwa brashi, ndipo uso ukaonekana vizuri.

Kwa hiyo kipande chenye vipele ni iliyokomaa bila wasiwasi. Cha uso laini usikihukumu haraka kuwa ni chakazi. Kinaweza kuwa iliyokomaa ambayo haikuoshwa, au iliyopigwa msasa na mtu baadaye.

Mpanga_Nyaraka (Lindi)

Asanteni sana, mmenifungulia njia. Yamebaki mawili. Frasila niigeuze kwa kilo ngapi? Na kuna mstari mmoja una "raw copal". Kwa alivyosema Mwalimu, niweke chakazi moja kwa moja?

Mwanapwani_Mikindani

Frasila ya Unguja ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16 (kwa hesabu kamili ni 15.9). Frasila 100 ni kama tani 1.6. Zipo frasila za bandari za Uarabuni zenye uzito mwingine, hivyo usiitumie hesabu hii kwa karatasi ya Mokha. Na kwenye tafsiri acha "frasila" ibaki, kilo ziweke pembeni. Wazee wengi wa huku bado wanalijua neno hilo.

"Raw copal" usiiguse kwa pupa. Kiingereza cha wakati ule kinalitumia kwa mambo mawili: utomvu mchanga, yaani chakazi, na utomvu uliokomaa ambao bado haujaoshwa. Angalia vitu vitatu kwenye mstari huo huo. Kwanza bei. Chakazi iko chini wazi wazi ukilinganisha na mstari wa "copal" ulio jirani, wakati ambayo haijaoshwa inapungua kiasi cha uchafu tu. Pili, orodha hiyo hiyo ina "clean" au "washed" mahali pengine? Ikiwepo, "raw" hapo ni ambayo haijaoshwa. Tatu, inakokwenda. Ikielekea Salem, huenda ni isiyooshwa, kwa sababu kulikuwa na kiwanda cha kuosha kule kule. Ikielekea Bombay haikusaidii sana, kwa kuwa zote mbili zilipita huko. Vitatu vyote visipokupa jibu, andika "sandarusi ghafi" na uache ilivyo.

Kwenye kibao ningeandika hivi:

"Chakazi. Sandarusi changa ya msandarusi, iliyotolewa mtini au kuokotwa juu juu ya ardhi. Bei yake ilikuwa chini ya sandarusi iliyokomaa, ambayo ilichimbwa kina cha futi 3 hivi. Wafanyabiashara wa Unguja walilitamka jina hili 'jackass', na ndivyo lilivyoandikwa kwenye orodha zao za karne ya 19."

Maneno "copal" na "animi" yafanye "sandarusi" yote mawili, kisha weka jina la asili pembeni ili mtafiti aweze kurudi kwenye karatasi. "Gundi" iondoe. Gundi kwa mtu wa leo ni kitu cha kubandikia kinachoyeyuka kwenye maji, na sandarusi haiyeyuki majini hata kidogo. Hilo "gum" la Kiingereza cha wakati ule lilibeba kila kinachotoka kwenye mti.

Mwl_Mimea_Rondo

Kuhusu vipande vyako: usikubali mtu akuambie uchome sindano ya moto unuse harufu. Inaacha tundu la kudumu.

Anza na lenzi, mara 10 inatosha, na taa ya pembeni iliyolazwa karibu na meza. Mwanga wa kutoka ubavuni unaonyesha vinundu ambavyo mwanga wa juu unavificha. Kipande chako laini kizungushe chote. Kama kimepigwa msasa, kwenye vishimo na mikunjo msasa haukufika, na hapo vinundu hubaki. Ukivikuta, jibu unalo bila kutumia dawa yoyote.

Usipovikuta, chagua sehemu ya chini isiyoonekana. Weka tone moja dogo la spiriti kwa kijiti cha pamba, hesabu sekunde 30, kisha gusa kwa pamba kavu. Utomvu mchanga unanata na kuacha doa lisilong'aa. Uliokomaa unavumilia zaidi. Jaribio hili linaonyesha uchanga tu, halithibitishi mti, kwa hiyo matokeo yake yaandike kwenye daftari la kumbukumbu, usiyaweke kwenye kibao. Na tone liwe moja tu, usirudie pale pale.

Ukiwa na shaka kwamba kimoja ni kioo au plastiki, yeyusha gramu 350 za chumvi kwenye lita 1 ya maji na ukitumbukize kwa sekunde chache. Sandarusi inaelea. Kioo kinazama, na aina nyingi za plastiki ngumu pia. Kisuuze kwa maji safi papo hapo na ukikaushe kwa kitambaa laini, maana chumvi ikikaukia kwenye nyufa inazipanua. Kipande chenye nyufa nyingi usikitumbukize kabisa.

Fundi_Chikongola (Mtwara)

Nyongeza kwa kabati lenyewe. Usiweke taa ya joto ndani, wala usiliweke kabati mkabala na dirisha la jua la mchana. Uso wa sandarusi ukipata joto na mwanga kwa muda unapasuka nyufa nyembamba kama utando, na baadaye unatoa unga. Chakazi ndiyo inayotangulia. Vumbi lifute kwa brashi laini kavu. Wanaosafisha vioo vya kabati waambiwe mapema kwamba spiriti na dawa ya vioo visirushwe karibu na vipande, na kama wanapuliza dawa, waipulizie kwenye kitambaa nje ya kabati.